Lori la Ng'ombe Kumi na Wawili

Ngumi ya kwanza haikutoka kwa Kasimiri, mwenye lori. Ilitoka kwa Anton, kaka yangu wa tumbo moja, na ilimpata Hilari mdomoni kabla hajamaliza kusema.

"Rudia," Anton alimwambia. "Rudia ulichosema kuhusu hilo lori."

Hilari alikuwa ameanguka chali mbele ya ghala letu la nta, pale Ng'ambo, Tabora, asubuhi ya Jumamosi, watu wakitazama. Aliinuka taratibu. Akafuta mdomo kwa kiganja chenye oili, damu na oili vikachanganyika kidevuni.

"Nimesema gia ya pili haikai sawasawa," alisema. "Na nimesema bado sijamaliza kulikagua."

"Unasema hivyo kwa sababu ya dada yangu."

Uwanja wote ukanigeukia mimi. Niliinamisha kichwa, lakini nilichelewa. Macho ya Hilari yalikuwa yameshanipata, na yalikaa juu yangu muda ule mfupi ambao mtu hukaa mlangoni akijua hatakaribishwa ndani.

Sitaki umhukumu Anton kabla hujajua mambo yalivyokuwa. Miezi mitatu nyuma, Hilari, fundi wa Isevya aliyejifunza kazi kwa kufungua na kufunga mashine za watu mpaka zikamwelewa, alimtuma mjomba wake kuniposa. Baba, Mzee Nikolaus, alimsikiliza mjomba, akampa maziwa, akakataa. Wao Wamoraviani, sisi Wakatoliki. "Binti yangu atafunga ndoa kwenye misa," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha akaja Kasimiri wa Nzega, Mkatoliki, mwenye malori mawili na kicheko kizuri. Alitaka kumuuzia baba lori moja kwa ng'ombe kumi na wawili. Wiki hiyo hiyo akaleta posa. Mahari aliyoitaja, ng'ombe kumi na wawili.

Usiku mmoja tu ulinitosha kuelewa. Wale ng'ombe wangetoka zizini asubuhi wakiwa bei ya lori, wakarudi jioni wakiwa mahari yangu. Baba angebaki na ng'ombe wake na lori juu yake. Kasimiri angeondoka na mimi. Baba hakuliona hivyo. Asali na nta yetu ilitoka misitu ya Sikonge kwa vichwa vya watu na kwa baisikeli, na kwa miaka mingi alilala akiota lori. Na kwa kuwa Tabora yote ilijua Hilari hadanganyi kuhusu chuma, alimwita Hilari huyo huyo aje kulikagua kabla ya kukubali.

Kwa hiyo, Hilari akisema lori ni zima, ananitoa kwa mkono wake mwenyewe. Akisema bovu, nani atamwamini?

"Fundi baisikeli," Kasimiri alisema, akitoka nyuma ya lori na hendeli ya kuwashia injini mkononi. "Amekosa mke, sasa anataka na mzee akose lori."

"Weka hiyo chini, tuzungumze," Hilari alisema.

Kasimiri hakuiweka chini. Aliizungusha mara moja, kama mtu anayefukuza mbwa, ikampata Hilari mbavuni. Nilisikia mlio wake. Hilari alipiga goti, akashika mchanga, akatafuta pumzi na kuikosa.

"Acheni."

Baba alikuwa ametoka ghalani, na nyuma yake shangazi Josepha, dada yake, akiwa bado ameshika mwiko wa kukorogea nta. Baba hakupaza sauti. Hakuwa na desturi hiyo.

"Shikamoo, mzee," Hilari alisema kutoka chini.

"Marahaba. Umeona nini?"

Hilari alisimama kwa kushika bodi ya lori. Kila neno lilimgharimu pumzi, lakini aliyapanga kama anavyopanga spana zake.

"Klachi ni nzima, mzee. Nimevuta breki ya mkono, nimetia gia ya nne, nimeachia klachi, injini ikazima palepale. Ingekuwa imekwisha, injini ingeendelea kunguruma. Hilo ni zuri, na nalisema."

"Endelea."

"Nimelizungusha hapa uwanjani. Gia ya kwanza inakaa, ya tatu inakaa. Ya pili, nikiondoa mguu kwenye mafuta, mkono wa gia unatikisika kama unataka kutoka. Haujatoka bado. Na mkono wenyewe ni mzito, kama mtu anasonga ugali. Halafu kuna jambo la tatu."

"Kelele?" Kasimiri alicheka. "Taja kelele, kila mtu asikie. Baba, washa injini uweke sikio lako hapo. Utasikia kimya kama kanisani."

"Ndiyo hilo jambo la tatu," Hilari alisema. "Hili lori limetoka vitani. Giaboksi ya umri huu lazima inung'unike kidogo. Hii imenyamaza kupita kiasi, na sijui kwa nini."

"Hujui," Anton alisema.

"Sijui. Ndiyo maana nataka liende mbali, mpaka lipate moto."

"Petroli yangu si maji ya kisima," Kasimiri alisema. "Ameliona, ameliendesha, basi."

Baba alilitazama lori. Babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani mara tano na kurudi, na baba alikua akisikia habari za njia hiyo kuliko habari nyingine yoyote.

"Baba yangu hakukubali mzigo kambini," alisema hatimaye. "Kambini kila mzigo ni mwepesi. Aliuweka begani, akatembea nao mpaka jasho litoke, ndipo akasema naubeba au siubebi. Pakieni magunia ya mahindi. Tutakwenda kwa njia ya zamani ya misafara, tupande kilima mpaka kupita Itetemia, turudi."

"Nani anaendesha?" Kasimiri aliuliza. "Huyu ataliharibu makusudi."

"Aendeshe Anton," Hilari alisema.

Anton alikuwa amejifunza kuendesha kwenye mashamba ya karanga ya Urambo. Alimtazama Hilari, mdomo ule aliouvunja mwenyewe, akageuka kwenda kupakia magunia.

*

Ndani ya kebini walikaa watatu: Anton kwenye usukani, baba katikati, Kasimiri mlangoni. Hilari alipanda nyuma juu ya magunia. Mimi nikapanda pia, na kabla baba hajafungua kinywa, shangazi Josepha akapanda na mwiko wake.

"Nimekuja kuwalinda," alituambia. "Kwa hiyo nitatazama upande ule."

Akatugeuzia mgongo, akajifunika kanga kichwani dhidi ya vumbi.

Mwanzoni lori lilikwenda kimya. Njia ilikuwa mchanga mzito, na Anton alikwenda kwa gia ndogo muda wote. Nilichana pindo la kanga yangu nikamfuta Hilari damu. Alikuwa akitetemeka kwa maumivu ya mbavu, na kila lori lilipodunda alifumba macho.

"Ungesema tu ni zima," nilimwambia. "Usingepigwa."

"Ungeolewa."

"Na ungesema ni bovu bila maelezo marefu?"

"Ningekuwa nasema nisilolijua. Koleta, tangu juzi nimeomba lori hili liwe bovu. Nimeomba kanisani kabisa. Mtu anayetaka jambo namna hiyo, mkono wake unaweza kumdanganya. Nikaona nikague mara mbili kila kitu, na kila kizuri nikiseme kwanza."

"Na likiwa zima?"

Alitazama vumbi lililokuwa likiinuka nyuma yetu.

"Nitamwambia baba yako ni zima. Halafu nitahama Tabora."

Nilitaka kumpiga. Ni kweli, nilitamani kumpiga pale penye jeraha, kwa uaminifu wake ule usiojua kupinda hata kwa ajili yangu. Badala yake nilishika mkono wake, na nilipoushika nikajua kwamba bila uaminifu huo nisingempenda.

"Nawasikia mmenyamaza," shangazi alisema bila kugeuka. "Kimya hicho sikipendi. Semeni kitu."

Nikafungua mdomo niseme, ndipo harufu iliponifikia.

Mwanzoni nilidhani ni sisi. Nyumba yetu yote hunukia nta, nguo zetu, nywele zetu. Lakini nta baridi na nta inayoyeyuka hazinuki sawa. Hii ilikuwa nta ya chunguni, inayoanza kulegea, na ilitoka chini, katikati ya mbao za bodi.

"Shangazi."

"Naisikia," shangazi alisema. Sasa aligeuka. "Nani anapika nta humu?"

Na chini yetu, lori lililokuwa limenyamaza kama kanisa likaanza kulia. Sauti nyembamba kwanza, kisha ya kusaga, chuma juu ya chuma, ikikua kadiri tulivyopanda.

Jumatatu ya wiki hiyo Kasimiri alikuja ghalani, akanunua bonge la nta. Nilimpimia mwenyewe. Nilimuuliza ya nini, akacheka kicheko chake kizuri, akasema, "Ya mishumaa, siku yetu ikifika."

"Hilari, niliiuza mimi. Ameiyeyusha akaitia humo."

Alinitazama, nikaona akili yake ikipita hatua moja baada ya nyingine: mkono mzito, ukimya, moto.

"Ikipoa inashika meno na kuficha kelele," alisema polepole. "Na inaushika mkono wa gia usiruke. Ikiyeyuka..."

Akageukia mbele na kulipiga paa la kebini kwa ngumi. "Anton! Simama! Usiteremke!"

Lakini tulikuwa tumeshafika kileleni, na mteremko wa upande wa pili ulikuwa umeanza.

Anton alifanya alivyofundishwa. Aliweka gia ya pili ili injini ishike uzito wa magunia, akaondoa mguu kwenye mafuta. Nilisikia mlio kama mfupa mkubwa unavunjika. Gia iliruka. Lori likajiachia.

Breki zilishika kidogo, zikanuka, zikaacha kushika. Shangazi alianguka juu yangu. Miti ilianza kutupita kwa kasi ambayo sikuwahi kuijua. Kutoka kebini nilisikia Anton akisaga gia akijaribu kuirudisha, mara mbili, mara tatu, na baba akisema neno moja la Kinyamwezi tena na tena, jina la babu.

Ndipo mlango wa kushoto ulipofunguka na Kasimiri akaruka.

Nilimwona akianguka vichakani, akibingirika. Alimwacha baba yangu katikati ya kiti na mlango ukipigapiga.

Hilari alishavuka ubavu wa bodi. Mbavu zile zilizopigwa hendeli, sijui zilimbebaje. Alining'inia, mguu wake ukatafuta kikanyagio cha mlango, ukakikosa, ukakipata. Mlango ulimrudia ukampiga mgongoni. Akajitupa ndani kichwa mbele. Kulikuwa na baba kati yake na mkono wa gia, na nafasi nyingine hakuna. Alijilaza juu ya mapaja ya baba yangu kama mtoto anayelazwa apakwe mafuta.

Kwetu mkwe hagusi mkwe. Mtu aliyeposa binti hapeani hata kikombe na baba wa binti huyo mkono kwa mkono. Na Hilari, aliyeposa akakataliwa, alilala kifudifudi juu ya magoti ya Mzee Nikolaus, akitoa amri kwa sauti ileile ya chini ya kila siku, nami nikaisikia kupitia kidirisha cha nyuma.

"Anton. Kanyaga klachi. Achia. Sasa tia mafuta. Mengi. Zaidi. Kanyaga tena klachi."

Injini ilipiga ukelele. Hilari akausukuma mkono wa gia kwa mikono yote miwili.

"Achia."

Lori lilitikisika lote, magunia mawili yakaruka nje. Gia ilishika. Na mara ikaanza kupigania kutoka. Nilimwona akiushikilia ule mkono wa chuma, ukimpiga kifuani, ukimpiga vidoleni, naye akiuegemeza mwili wake wote. Na juu ya mikono yake nikaona mikono mingine, mizee, yenye makovu ya nyuki. Baba alikuwa ameinama juu ya mgongo wake, wakaishikilia ile gia pamoja.

Tulifika bondeni. Mchanga ukatupokea, tukaingia mtaroni, kichwa cha shangazi kikagonga bodi, lori likasimama.

*

Hakuna aliyekufa. Naanza na hilo. Vidole viwili vya Hilari vilikuwa vimevunjika. Baba alitoka kebini kwa miguu yake, akakaa mchangani, akavua kofia akaitazama ndani.

Anton hakukaa. Alilala chini ya lori na spana, akafungua nati ya kumwagia oili. Ilitoka oili nyeusi, nzito, na ndani yake nta yetu, ya manjano, imechanganyika na vipande vya meno ya gia vinavyometameta. Alivichukua vichache kiganjani, akaviangalia muda mrefu.

Kasimiri aliteremka kutoka kilimani akichechemea, shati limechanika.

"Nilitaka kuvunja mwendo," alisema. "Nilidhani nikiruka, uzito utapungua."

Nikamwendea. "Mishumaa," nilimwambia, na nikampiga kofi. Kofi hilo sijalijutia, wala silisifu. Mkono wangu uliuma mpaka kesho yake.

Baada yangu alikuja Anton. Ngumi ya kwanza ilimlaza Kasimiri, na Anton akamkalia kifuani akaendelea, usoni, usoni, kama mtu anayetwanga, mpaka ile sauti ya ngumi ikabadilika ikawa ya majimaji. Nilimwona akinyoosha mkono kuitafuta hendeli. Ilikuwa imeanguka kutoka kebini, karibu na gurudumu. Akaipata.

Mguu wa Hilari ukaikanyaga.

"Inatosha, Anton."

"Angemuua baba."

"Angemuua. Hakumuua. Ukiinua hii utamuua wewe, na wewe ndiye utakayenyongwa. Mimi umenipiga leo asubuhi bila kunisikiliza. Sasa nisikilize."

Anton alikuwa akilia. Sijapata kumwona akilia tangu mama azikwe. Aliiachia hendeli.

Kasimiri alisema, damu ikimtoka puani, kwamba alitaka tu lori linyamaze kwa siku moja. Siku moja ya mauzo. Mpaka leo naamini alisema kweli. Sidhani alitaka mtu afe. Alidhani baba angelitumia taratibu, na likivunjika yeye atakuwa ameshakuwa mkwe, na mkwe hashitakiwi.

"Lori lako ni hilo," baba alimwambia. "Na binti yangu ni huyu. Hutachukua chochote cha upande huu."

Tulirudi kwa miguu, maili nyingi za mchanga, njia ileile aliyoipita babu na pembe begani. Nilifunga vidole vya Hilari kwenye mwiko wa shangazi kwa vipande vya kanga. Hakulalamika, ila jasho lilimtoka kama maji.

"Kaka," shangazi alisema, uvimbe umemsimama kwenye paji la uso. "Umempakata."

Baba aliendelea kutembea.

"Nimeona kwa macho yangu. Miaka sitini na mbili sijaona mtu anapakata mkwe."

"Si mkwe wangu," baba alisema. "Nilimkataa."

"Basi umempakata mtoto wa nani?"

Anton alicheka, cheko bovu la mtu aliyetoka kulia. Hilari aliinamisha uso, na chini ya vumbi na damu niliona masikio yake yakiwaka.

"Mzee, unisamehe," alisema. "Hapakuwa na njia nyingine ya kufikia gia."

"Nilikuwepo," baba alisema.

Tulipoingia Ng'ambo jua lilikuwa linaelekea kuzama. Ng'ombe wote kumi na wawili walikuwa wamefungwa nje ya boma, kila mmoja na kamba yake, tayari kuchukuliwa. Walikuwa wamesimama hivyo tangu asubuhi bila maji. Baba aliwatazama mmoja mmoja, na nadhani hapo ndipo alipohesabu hesabu ile niliyoihesabu mimi. Bega lake moja lilishuka.

"Koleta, wafungue wakanywe."

Niliinama kwenye kamba ya kwanza. Hilari alikuja upande wa pili kusaidia kwa mkono wake mzima, na tukashindwa kulifungua fundo kwa sababu hatukuwa tukilitazama.

"Wewe," baba alimwita.

"Naam, mzee."

"Bado ninyi ni Wamoraviani."

"Ndiyo, mzee."

"Na binti yangu bado ataolewa kwenye misa."

Hilari alinitazama. Hakushusha macho tena.

"Hilo siwezi kulijibu leo, mzee. Sitaki kusema ninalolitaka tu."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuweka mzigo begani na sasa anaupima uzito wake.

"Mwambie mjomba wako aje Jumapili ijayo, baada ya ibada zenu na misa yetu," alisema. "Aje tugombane vizuri, tukiwa tumekaa."